Kikopo cha Mafuta ya Cherehani

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwa shangazi. Miguu imepungua kuvimba? Na huyo wa tumboni anacheza? Sisi wazima. Baba kifua kinambana, lakini analalamika kwa sauti kubwa, kwa hiyo hajambo.

Unanijua, mimi hata kivuli changu nakigeukia mara mbili. Gari la baba lilipoanza kulia kila akikanyaga breki, nilimshuku mumeo, fundi wake, papo hapo. Shemeji alisema pedi za breki zimekwisha, na kile kibati kinachokwaruza kimewekwa makusudi kumwonya dereva. Nikaguna. Alipozibadilisha nilisimama pembeni nikihesabu hata nati.

Wiki haijaisha, mvua ikanyesha, asubuhi kelele zikarudi. Shemeji akasema ni kutu nyepesi kwenye diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, itatoka yenyewe gari likitembea kidogo. Ati yenyewe! Nikamwambia baba kwamba pedi mpya zimekwenda kwa mwingine, sisi tumebandikwa kuukuu.

Mchana ule baba akakanyaga breki, gari likagoma kusimama, likavunja ukuta wa jirani. Ashukuriwe Mungu hakuumia. Nikapaza sauti mtaa mzima ukasikia kwamba shemeji ni mwizi. Nawe ukaniamini, ukafungasha.

Jana alikuja kulitengeneza. Nikamkodolea macho nimnase. Akafungua gurudumu, akagusa diski, akanusa kidole, kisha akatazama cherehani yangu dirishani. Baba alikuwa pale pale. Lakini shemeji akasema tu, taratibu, kwamba breki hushika kwa kukwaruzana, na pedi zikishalowa mafuta hazifai tena. Akasafisha, akaweka nyingine, akanawa mikono.

Dada, ni mimi. Asubuhi ile ya mvua nilichukua kikopo changu cha mafuta nikamiminia magurudumu ya mbele, kama ninavyofanya bawaba za mlango. Kelele zikanyamaza kabisa, nami nikajiona nimemuumbua fundi! Nilikaribia kumuua baba, nikakuvunjia nyumba, na niliyemwita mwizi akanifichia aibu. Naona haya, dada. Nisamehe.

Baba nimemweleza leo. Amempa shemeji funguo za gari, na ndiye anayekuletea barua hii. Bahasha sikuigundisha, na kwa mara ya kwanza naomba mpelekaji afungue asome barua isiyo yake.

Msalimie shangazi. Shemeji akifunga breki hapo langoni hutasikia kitu, kwa hiyo mngojee nje.

Mimi mdogo wako,
Fundi cherehani