Zaituni Amekichagua Chuo kwa Mkono Wako

Zaituni anakwenda Dar es Salaam kusoma masta ya elektroniki, Baba Zaituni, na chuo chenyewe ndicho kitakachomsomesha mpaka amalize!

Haya, sasa ndiyo nikusalimie. Salaam aleikum, mume wangu. Sisi hapa Nyakabiga wazima. Ningeanza na salamu habari ingenipasua kifua. Najua huko uliko hakuna posta, na darasa langu la sita unalijua, mwandiko wangu utauvumilia. Lakini mtaa mzima nimeshauambia, umebaki wewe tu.

Nikueleze ilivyokuwa, maana nusura niiharibu mwenyewe.

Vyuo vilivyomkubali vilikuwa viwili, kimoja cha India, kimoja cha Dar, na vyote vilitaka jibu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Zaituni akanionyesha picha kwenye simu. Kile cha India, bwana we, jengo lote kioo, mbele maji yanaruka, majani yamekatwa kama nywele za bwana harusi. Cha Dar ni ukuta tu, na baiskeli imeegemea. Mi sikuuliza kitu. Nilichukua simu nikaenda kwenye fotokopi, nikatoa ile picha ya kioo kwa rangi, kubwa, nikainunulia fremu, nikaitundika sebuleni chini ya picha yako.

Watu wakaja kuitazama. Dada yako alitoka Musaga makusudi. Nikawaambia wote kwamba Zaituni atapanda ndege. Na Mama Kasimu wa duka la mbele, unamjua, binti yake akifika Kigoma tu tunasikia mwezi mzima, yeye nilimwita mwenyewe, nikamkalisha kwenye kiti kinachotazama fremu.

Mtoto kainamia simu. Nikadhani ni furaha. Kumbe anaandika. Aliviuliza vyuo vyote viwili maswali yaleyale: maabara inafunguliwa saa ngapi, wanafunzi wangapi kwenye meza moja, nani anafundisha, na mtu akimaliza anaweza kutengeneza nini kwa mikono yake. Wa Dar alijibu mwalimu mwenyewe, mama mmoja, swali kwa swali, hata akasema meza mbili ni mbovu na wanafunzi wenyewe ndio wanazitengeneza. Wale wa kioo walimshukuru kwa kuwapenda, wakamtumia picha ya kioo. Akaandika tena. Ikaja picha ileile.

Basi tunachambua maharage akaniambia, "Mama, mi nataka Dar."

Nilikasirika, sikufichi. Watu nimewaambia ndege, sasa nikawaambie basi? Nikamwambia ananiaibisha, na kwamba baba yake angekuwepo asingekubali. Hakunitazama. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharage, kisha akasema taratibu, "Baba angesema tufungue nyuma kwanza."

Nikaweka ungo chini. Maana nilikusikia. Mara ngapi nilikuletea chakula kibandani, katikati ya redio zako mbovu, nikakuta mtu anakuuzia redio inang'aa, hata wale wa Kigobe wenye magari, na we sura yake huitazami, unanyoosha mkono uchukue bisibisi: tufungue nyuma kwanza. Wengine walinuna wakaondoka nazo. Na ile kubwa ya rangi ya fedha niliyokulazimisha uninunulie kwa sababu ya taa zake? Siku hiyo tu ndiyo hukuifungua kwanza, kwa ajili yangu. Tulipoifungua nyumbani, ndani nusu tupu, nusu mende. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Basi ndiye mimi yuleyule, mume wangu, napenda taa. Wewe na mwanao ndio mnaojua nyuma.

Nikamwambia, haya, wajibu Dar.

Kesho yake yule mwalimu akataka kumwona kwenye simu, ajue kama anafaa kusomeshwa na chuo. Alisema alete kitu alichokitengeneza mwenyewe. Unajua alileta nini? Redio ya yule mzee wa Musaga. Ile uliyosema utaimaliza Jumatatu, na Jumatatu hukuifikia. Zaituni aliimaliza baada ya arobaini yako, peke yake, mi sina habari. Akaifungua nyuma mbele ya simu, akaonyesha kwa kidole: hapa alichomelea baba, hapa nimemalizia mimi.

Mi nimesimama mlangoni na mwiko. Yule mama akavaa miwani. Kisha akaomba asogezewe palepale ulipochomelea wewe, apaone karibu. Akauliza, "Baba yako alisoma wapi?" Zaituni akasema, "Apana, hakusoma. Ana kibanda hapa Nyakabiga." Alisema *ana*, kama vile umetoka kidogo. Yule mama akasema, "Ni mwalimu mzuri."

Umesikia, Baba Zaituni? Wa chuo kikuu amekuita mwalimu. We uliyekuwa unajificha siku za mikutano ya wazazi, unanituma mimi, eti huna maneno. Nililia pale mlangoni, ugali ukaungua, tukaula hivyohivyo na sijala ugali mtamu kama ule tangu uondoke.

Barua ya kumsomesha ilikuja na mhuri. Ile picha ya kioo nimeitoa, barua ndiyo iko kwenye fremu. Mama Kasimu hakuniacha, aliniuliza mbele ya wateja wake, "Masta gani ya kwenda na basi?" Nikamwambia wa kwangu haendi kupiga picha. Alicheka hata yeye, na sufuria yake kubwa ameahidi kuileta siku ya kuaga.

Kibanda chako kuna mtu anakitaka, auzie vocha za simu. Nimemkatalia na nitaendelea kumkatalia. Bisibisi yako Zaituni anaondoka nayo, lakini ufunguo wa kibanda unakaa kwangu, nitafagia mbele yake kila wiki, na hakuna atakayekifungua mpaka arudi akifungue mwenyewe. Hiyo ni ahadi yangu kwako. Lala salama, mume wangu, Mungu akupanulie pahali pako.

Basi lake linaondoka Jumatatu. Naam, Jumatatu. Kwa hiyo watu wote nimewaita Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri. Tutakusomea wewe dua, tutamuaga yeye, na mzee wa Musaga amesema atafika mapema kuchukua redio yake. Ataikuta inaimba. Jumapili, Baba Zaituni, nimewaambia wote.