Kiangazi cha Nani?

Jumapili, Novemba. Neasden.

Tangu asubuhi ni ile mvua ya London isiyonyesha wala kukatika. Nimeanika nguo juu ya hita, madirisha yote yametoka jasho, na mimi nimekaa hapa mezani sijui hata tuko msimu gani. Sitanii. Sijui.

Mwaka huu wote nimekuwa nikipanga safari ya Sweden. Si ya kutalii, ingawa nilijidanganya kidogo kwamba tutatalii pia. Ni ya kumkutanisha Mama na dada yake. Mama yuko Muheza na michungwa yake. Dada yake, Mama Mkubwa Agnesi, aliolewa Sweden mimi nikiwa bado mtoto, na yuko huko mpaka leo, anaishi na binti yake, dada Neema. Mara ya mwisho walionana kwenye msiba wa Babu.

Sasa Mama Mkubwa ameanza kusahau. Anasahau jiko linawaka, anasahau njia ya dukani, na juzijuzi alimuuliza Neema kama yeye ndiye nesi. Mama aliposikia hayo alisema neno moja tu: niende angali ananijua.

Basi nikajifanya mtaalamu wa hali ya hewa. Nilisoma kila kitu. Mei bado baridi inaweza kurudi, Juni kule kwao kwenye maziwa mbu wanakula watu, Agosti mvua zinaanza. Nikaichagua Julai kama mtu anavyochagua papai sokoni, kwa kubonyezabonyeza. Jua halitaki kuzama, watu wanachuma matunda msituni, na magoti ya Mama hayataona barafu.

Nikampigia Mama, nikamwambia utakwenda kiangazi. Akasema kiangazi ndiyo vizuri, hata yeye ndivyo alivyokuwa anafikiria. Nikamwambia Neema. Akasema hapo hapo, kiangazi. Mama na Mama Mkubwa wakaongea wenyewe kwenye simu, kwa Kibondei chao na vicheko vyao, nao wakakubaliana kiangazi. Ukoo mzima kauli moja! Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, maana ukoo wetu haujawahi kukubaliana hata rangi ya sare za harusi.

Nikaomba likizo ya Julai ya mwakani kazini, pale kliniki ya meno ninapokaa mapokezi. Nikakata na tiketi yangu. Mama angefika Stockholm kwa ndege yake, mimi ningemsubiri uwanjani.

Leo nimetoka kanisani, nikampigia kumjulia hali. Tukasalimiana, akanipa habari za majirani, halafu akasema amepata mtu wa kumwachia nyumba. Krismasi ataila na wajukuu, kisha aondoke, kwa sababu vuli itakuwa imekatika na barabara ya kwenda Dar itakuwa kavu.

Nikamuuliza anaondoka kwenda wapi.

"Si Sweden! Kiangazi si ndivyo tulivyosema?"

"Mama, kiangazi ni Julai."

Nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

"Julai ni kipupwe, mwanangu. Tena Julai mimi nina machungwa, magari yanapakia shambani, niende wapi? Kwani huko kwenu kiangazi ni Julai?"

Kwenu.

Hakuwa na nia mbaya. Ameuliza tu, kama mtu anavyouliza kwa mgeni. Lakini limenichoma. Binti yangu Imani alikuwa kwenye kochi, anasikia yote. Kiswahili anakielewa vizuri, ila kujibu ni kwa lugha yake. "So which summer is it, Mum?" Nikamwambia anyamaze. Nimemwonea, maana kuuliza ni kiangazi kipi ndilo swali lenyewe.

Nimekulia Muheza mimi. Januari naijua. Vumbi la njiani, bati linalia kwa jua mchana, maembe yanakwisha, sisi na sare mpya tunarudi shule. Hicho ndicho kilikuwa kiangazi changu. Kiliondoka lini? Hakuna aliyenifundisha kusema vingine. Kanisani hapa tunasema kiangazi hiki tunakwenda nyumbani, tukikaa na rafiki zangu Edgware Road tunasema kiangazi hiki kulikuwa na joto, na wote tuna maana ya Julai, na hakuna hata mmoja anayeinua uso. Nimewahi kusikia watu wakipata lugha gongana na wageni. Mimi nimeipata na mama yangu mzazi, kwa Kiswahili, kwa neno la darasa la pili.

Na nilimkasirikia, nakiri. Kana kwamba yeye ndiye aliyehama.

Nikampigia Neema kumweleza, nikitarajia tutacheka. Hakucheka. Nikasikia analia.

Kumbe wiki hizi zote Mama Mkubwa akiamka anasema kiangazi kimekaribia, mdogo wangu anakuja. Na Neema anamjibu bado Mama, kiangazi ni Julai, tazama nje, theluji hiyo. Alimwonyesha mpaka kalenda. Alimwambia na nesi kwamba ugonjwa umezidi, sasa mama anachanganya miezi. Mama Mkubwa alikuwa akibishiwa hivyo anageukia dirishani mpaka chakula cha mchana.

Hakuchanganya kitu. Alipatana na mdogo wake, na ahadi anaikumbuka. Tuliochanganyikiwa ni sisi wenye kalenda.

Au ndiyo ugonjwa wenyewe? Neema anasema miaka yote mama yake alikuwa akisema kiangazi akimaanisha Julai, kama sisi. Labda kusahau ndiko kulikomrudisha Muheza. Sijui nifurahi au nilie. Nimefanya vyote viwili jikoni, ugali ukaungua.

Nikampigia tena Mama, nikamtisha. Nikamwambia Januari kule jua linazama watu hawajamaliza kuosha vyombo vya mchana. Nikamwambia barabara ni vioo kwa barafu, na yeye kipupwe cha Muheza tu anavaa sweta mbili. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jua analo la kutosha nyumbani, na kule haendi kuanika mahindi. Nimtafutie koti tu.

Naogopa. Ataanguka, atapata kifua, nitasema nini kwa kaka zangu? Lakini nikisubiri Julai yangu nzuri yenye matunda ya msituni, atafika kwa dada yake, na dada yake atamwuliza wewe ni nani. Hilo naliogopa zaidi.

Basi ni Januari. Kesho asubuhi Mama aanze mambo ya viza, na mimi nimwendee meneja wangu nikamwombe likizo upya. Sijui nitaanzia wapi kumweleza kwamba kiangazi kimesogea.

Jioni hii Neema ameniandikia. Amekwenda kukaa karibu na mama yake dirishani, akamwambia: Mama, ulisema kweli, kiangazi kimekaribia, Mama Mdogo anakuja. Anasema Mama Mkubwa hakugeuka hata kumtazama. Alisema tu, "Sasa mbona ulikuwa unanibishia?"

Neema ananiuliza amjibu nini. Nimemwandikia: mwambie sisi ndio tuliosahau.