Mawe Chini ya Zahanati

Jumanne, 2 Novemba 1971
Mchanga mbaya tena. Una udongo. Nimewarudishia wanakijiji, nimewaambia wakachote korongoni, si kando ya njia. Wamenuna. Na wanune. Kumi la pili la mfungo, jua la Novemba, mate yamekauka, sina nguvu ya kubembeleza mtu.

Mawe ndiyo yamenifurahisha. Mikokoteni sita ya ng'ombe kabla ya adhuhuri. Tangu nitoke Tabora kuja kuwajengea zahanati hawa watu, sijaletewa kitu kwa wakati. Mwenyekiti wa kijiji anatembea kifua mbele. "Kujitegemea huko, fundi!" Sikuuliza yametoka wapi.

Alhamisi, 4 Novemba
Mawe ya ajabu haya. Si ya mlima mmoja. Mekundu, meupe, meusi, mengi ya kukaa kiganjani. Yanapangika vizuri lakini. Leo nimeshika moja lina vitundu vitundu, nikalijua hapo hapo. Tumbawe. Jiwe la baharini, huku Unyamwezi! Nililizoea Bagamoyo nilipokuwa najifunza kazi. Linafyonza maji, msingini silitaki. Nimelitia kwenye mfuko wa zana, pamoja na timazi.

Jumatano, 10 Novemba
Msingi umekwisha. Zege la sakafu limemwagwa, limelala sawasawa. Nimejisifu moyoni.

Jumamosi, 13 Novemba
Asubuhi kaja bibi mmoja, amekonda, jiwe mkononi. Kasimama mbele ya ukuta. "Mjukuu wangu, mawe ya baba yangu yako wapi?" Nikacheka. Nilidhani akili zimemruka. Astaghfirullahi.

Ni Bibi Nyanzala. Baba yake alikuwa mpagazi, enzi za misafara ya pwani. Alifia Ugogo akirudi, akazikwa huko huko, hakuna anayejua wapi. Wenzake walipofika hapa, mahali walipokuwa wakitua mizigo, walimwekea mawe. Tangu hapo kila mpagazi aliyepita aliongeza lake, safari iwe njema. Reli ikaja, misafara ikakoma. Yeye akaendelea peke yake, jiwe moja kila mwaka mvua zikianza. Leo kakuta udongo mtupu na alama za magurudumu.

Kijiji ni kipya, wengi wamehamia mwaka jana, Mwenyekiti akiwa mmoja wao. Anasema yeye aliona mawe tu, tena ya karibu. Kosa lake. Na langu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Bibi hakupiga kelele. Kasema hatamkanyaga baba yake, na hakuna wa nyumbani kwake atakayemkanyaga. Akaondoka na jiwe lake. Kabula, mjukuu wake, anajifungua mwezi ujao. Jioni nasikia wanawake wengine nao wanasema hivyo hivyo. Sasa zahanati hii namjengea nani?

Jumanne, 16 Novemba
Barua kutoka wilayani. Miaka kumi ya Uhuru. Kijiji kiweke kibao cha kumbukumbu penye rundo la mawe ya wapagazi. Mgeni atakuja tarehe 9 Desemba kukizindua. Mwenyekiti kasoma mara mbili, jasho linamtoka. Kisha kaamua: watu wabebe mawe ya korongoni, wayarundike pale pale. "Nani atajua, fundi?"

Nikanyamaza. Nimejiambia ni swaumu. Uongo. Niliogopa.

Jumamosi, 20 Novemba
Idi. Nipo nyumbani Itetemia, Tabora. Pilau, kanzu imepigwa pasi, watoto wamejaa. Nikamweleza mke wangu kila kitu. Zuhura hakunionea huruma hata chembe. "Leo watu wanaombana radhi, wewe umekaa unalamba vidole. Nenda."

Jumatano, 24 Novemba
Nimekwenda kwa Bibi Nyanzala. Shikamoo. Marahaba, kavu kabisa. Nikatoa lile tumbawe.

Akalipokea kwa mikono miwili. Kumbe ndilo la kwanza. Baba yake alimwahidi kumletea kipande cha bahari, kwa sababu yeye, mtoto, alikuwa hasadiki kuna maji yasiyofaa kupikia ugali. Wenzake walilikuta kwenye mzigo wake. Akaliweka yeye mwenyewe, mtoto wa miaka sita hivi, na wao wakaweka yao juu. Nililia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu.

Akasema, "Mrudishe." Nikamwambia msingi haufukuliki, ukuta utaanguka. Maji yakimwagika hayazoleki. Akaniuliza mawe mengi yako upande gani. Nikaichora zahanati mavumbini kwa kidole. Chini ya mlango. Akafikiri. "Basi mweke hapo, awaone wanaoingia."

Sikuthubutu kumwuliza kama yeye ataingia.

Jumatatu, 29 Novemba
Nimetoboa ukuta kando ya mlango, usawa wa mkono, nimelipachika tumbawe. Chini yake nimeacha nafasi ya kibao. Mwenyekiti kafoka. Kibao ni cha rundoni, na rundo jipya liko tayari, watoto wanalichezea. Nimemwambia herufi naandika mimi, na akikipeleka kule nitamwambia mgeni kwa kinywa changu. Tumenuniana mpaka jioni, mwisho akaniachia kibao.

Mlango nimeutia. Chumba ni kidogo, kwa hiyo nimeuacha ufunguke nje.

Alhamisi, 9 Desemba
Ngoma, bendera, hotuba ndefu. Mgeni kapanda barazani akasoma kwa sauti: HAPA WALITUA MIZIGO. MIAKA KUMI YA UHURU. Halafu akatazama huku na huko. "Na rundo lenyewe liko wapi?"

Mwenyekiti akakohoa. Nikasema, "Umesimama juu yake, Mheshimiwa. Tulilitia msingini bila kujua."

Akaangalia viatu vyake. Akashuka taratibu. Mwenyekiti, sikutegemea, akasema kosa ni lake. Nimemsamehe hapo hapo.

Bibi Nyanzala hakuja. Wala mtu wake yeyote. Nilimtazamia siku nzima, kila kitenge kilichotokea njiani nikadhani ni yeye. Nimeumia.

Jumanne, 14 Desemba
Mvua alfajiri, kisha jua. Nilikuwa napaka chokaa. Wakaja wawili, Kabula mbele, mkono kiunoni, uso umekunjamana. Bibi nyuma yake.

Kafika mlangoni, akavua kandambili. Akaligusa tumbawe, akasema nalo Kinyamwezi kidogo, mambo yao. Kisha akaweka jiwe mbele ya kizingiti. Lile lile la siku ile. Akamwambia Kabula, "Ingia. Babu yako yupo."

Nimejifanya nakoroga chokaa.

Saa nane mtoto wa kike. Sauti nimeisikia nikiwa nyuma ya ukuta. Wanawake wakaanza kuja kumwona, na kila mmoja na jiwe lake. Sijui nani kawaambia. Jioni nimehesabu tisa. Nilishika fagio, nikalirudisha.

Mlango unafunguka nje. Mawe yakizidi utayagonga. Kesho nahamisha bawaba, ufunguke ndani.