Ghorofa ya Kwanza

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya ofisi ya bwawa imefika. Maji yatapanda, ila yataishia ghorofa ya kwanza, na boti itachukua wakazi wa ghorofa hiyo tu. Wakazi gani? Mji mzima ulishahama, wageni ndio waliotangulia. Hoteli nzima tumebaki wawili: mimi wa mapokezi, na mama, aliyefua mashuka ya hapa miaka thelathini. Magoti yamemgomea. Orodha yao imetuandika ghorofa ya tatu — eti hatumo hatarini!

Alhamisi, 7 Machi
Mapokezi hakuna tena. Kengele ya kaunta imekwenda na maji. Afisa wa bwawa kaja na boti. Nikamwambia, si ndiyo ghorofa ya kwanza hiyo imezama? Akasema ya chini haihesabiwi. Haya.

Jumanne, 12 Machi
Na inayohesabiwa imezama. Afisa kafunga boti kwenye dirisha la ghorofa ya pili, kanyoosha kidole: moja. Kwamba yeye hahesabu asichokiona. Kwa hiyo hii ndiyo ya kwanza, na barua haijakosea. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mama kauliza, kwa hiyo sisi tumeshuka? Ndiyo, mama, tuko ya pili sasa, na hujakanyaga hata ngazi moja.

Jumamosi, 16 Machi
Naogopa. Naandika neno hili ili nisilitamke mbele ya mama. Anakunja mashuka ya wageni, pembe kwa pembe.

Jumatatu, 18 Machi
Maji yako kwenye varanda yetu! Afisa kafika, kasema ghorofa ya kwanza, pandeni. Nilitaka kumkumbatia. Nimeshamshika mama kiuno — afisa kafungua orodha. Majina yetu yako ghorofa ya tatu. Hii ni ya kwanza. Watu wa ghorofa ya tatu yeye hawezi kuwachukua huku, atafukuzwa kazi. Twende kwetu, ghorofa ya tatu, atatufuata huko huko.

Nimemwonyesha juu. Bati, halafu mawingu. Akasema hilo si la idara yake.

Naandika nimekanyaga kamba ya boti, na siondoi mguu. Anaivuta kwa adabu. Mama keshavaa viatu, kajifunga kanga. Anamuuliza, "Sasa mwanangu, huko juu utatufuata saa ngapi?"

Na huyu naye anatazama saa yake, anapiga hesabu!