Kioo Hakikuuawa na Kitambaa cha Mama

Oarabile,

Uji wa mtama uko jikoni, umefunikwa. Mbwa ameshakula, usidanganywe na macho yake. Kompyuta usiiguse.

Kioo chake ni kizima, bwana fundi. Jana ulimwambia Mama amekiua kwa kukipangusa na kitambaa kibichi, kisha ukaenda zako kulala. Asubuhi nimemkuta amekaa mbele ya kioo hicho, macho mekundu. “Keneilwe, nimemharibia mdogo wako kitu chake.” Mama yetu huyo!

Nikawasha. Kioo kikaandika wazi kwamba hakiwezi kupokea ishara inayotoka kwenye kompyuta. Kusoma nako kumekushinda? Nikachomeka kompyuta kwenye televisheni ya sebuleni, picha ikaja. Kumbe hiyo kadi mpya ya picha unayoringia umeiamuru itume picha mia na arobaini na nne kwa sekunde, na kioo chetu kikuukuu mwisho wake sitini. Nikashusha hadi sitini, nikarudisha waya, kikawaka. Dakika kumi, na cheti cha ufundi ni chako, si changu.

Nilipomwita Mama aje aone, alikuwa ameshatoka. Yuko kwa jirani yetu Mma Tshenolo, anakuombea kioo cha kuazima. Amevaa viatu vyake vya kanisani.

~~Nitampitia nikienda kazini nimwambie.~~

Hapana. Utamwambia wewe, kwa mdomo huohuo, mbele ya Mma Tshenolo. Uji utakusubiri. Kimbia.

Dada yako mkubwa