Simu ya Kujaribu

Kaka Komora,

Kiti chako nimekikalia mimi sasa. Usinune. Changu kilivunjika mguu, na fundi wa pale sokoni Garsen kila nikimwendea ananiambia njoo kesho, nikaona ni upuuzi mtu kukaa juu ya ndoo na kiti kizima kipo kinatazama ukuta. Nilikiomba radhi kwanza. Nilikipigia hodi kiti, yakhe, peke yangu ofisini, mchana kweupe. Ndiko nilikofika.

Nakuandikia kwa sababu kuna mambo yamepita ambayo sina mwingine wa kumweleza. Nikimwambia mama kule Kipini kwamba mfumo wa seva umefikia mwisho wa kutunzwa, ananiuliza kama nimekula. Nikiwaambia wasichana wa chumba cha pili pale nilipopanga, wananiletea simu zao zilizopasuka kioo. Wewe ungevua miwani, ungesema, "Haya, Bi Kipini, tuanzie wapi?" Hilo "tuanzie" ndilo ninalolikosa kuliko yote. Siku hizi naanzia mimi na kumalizia mimi, na chai naimimina kikombe kimoja.

Kwanza habari za kazi, maana najua malalamiko yangu yatakuwa yameshakuchosha. Ule mfumo wetu wa uendeshaji, ule mfumo huria uliong'ang'ania tuuweke siku nilipotaka kitu kipya cha kung'aa, toleo lake limefika ukingoni. Wakumbuka ulivyonijibu siku ile? "Mimi nataka mfumo wa mabenki. Unaotunzwa miaka, unaoletewa viraka bila kubadilishwa tabia. Mto peke yake unatosha kunibadilikia." Basi viraka vimekoma. Lilikuja tangazo la kwanza, likaja la pili, kisha kimya. Tundu lolote litakaloonekana kwenye mashine ile, hakuna tena wa kuja kuliziba. Na wafadhili wetu wakaandika kwamba seva isiyopata masasisho haitaruhusiwa kubaki mtandaoni, hamieni toleo jipya kabla ya masika au muizime.

Kuizima! Nawe wajua maana yake. Kipimo chetu cha mtoni kule juu Wenje kingeendelea kusoma maji na kusingekuwa na wa kuambiwa. Mto ungepanda, na watu wa mashamba ya chini, Ndera mpaka kwenu Wema, wangejua habari hiyo kwa kulowa magodoro.

Wakati huo bado walikuwa wanakusikia wewe. Sijui kama huko uliko unajua hilo. Tulikuzika Wema, nikarudi ofisini, na sauti yako ikaendelea na kazi. Maji yalipanda kidogo mvua za vuli, kipimo kikasoma, programu yako ikapiga simu, na watu wakainua wakakusikia vilevile: "Habari za hapo. Watoto hawajambo? Ni mimi Komora. Maji imepita Wenje, inakuja. Beba watoto, beba mbegu, panda juu." Mzee mmoja wa Wema aliniambia alivua kofia kwanza, akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akabeba mbegu. Lakini alibeba.

Na mimi nilivyokubishia ile salamu! Nilikwambia mtu anazama wewe wamuuliza hali ya watoto. Ukasema huku kwenu anayeleta habari bila salamu ama ni mwizi ama ana wazimu, na hakuna atakayeacha shamba lake kwa neno la mwizi. Nikataka basi nikunyooshee Kiswahili. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Kiswahili cha Kipini, Bi? Mpaka watu wamalize kukifurahia, maji itakuwa kiunoni."

Wafadhili walipendekeza tuweke sauti ya kompyuta, safi, ya kike. Niliwajibu kwamba watu wa Wema watadhani ni kampuni ya simu inawauzia nyimbo, watakata. Kwa hiyo ilikuwa ni lazima programu yako ihamie mfumo mpya ikiwa hai, na wewe ndani yake, kabla masika hayajafika. Na wa kuihamisha ni mimi peke yangu.

Sikudanganyi, nilitaabika. Zana mpya walizowaletea waandishi wa programu ni nzuri, wallahi, ungezipenda. Kitafsiri kipya, kile kinachogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kina macho ya mama mkwe, hakuna kosa linalopita mbele yake. Ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe. Mistari uliyoiandika zamani, ile ambayo kitafsiri cha zamani kiliinyamazia kwa heshima, hiki kikaikataa mmoja baada ya mwingine. Nikirekebisha huku, inafumuka kule. Kisha nikagundua kwamba ile maktaba, ule msimbo wa tayari ulioutumia kuzungumza na modemu ya kupigia simu, wameiondoa kabisa katika toleo jipya. Hapo nikageuka nikasema, "Komora, sasa hii je?" Nikausemesha ukuta. Nililia, kaka, nililia kwa sauti, nikazima feni ili nisikie vizuri ninavyolia, nikajicheka, nikaiwasha tena.

Kilichoniokoa ni kontena. Tulilizungumza zamani, ukasema ni mambo ya vijana. Basi mambo ya vijana yamekusitiri. Ndani ya mashine mpya nimekujengea kama chumba cha pembeni, programu yako ikae humo na maktaba zake za zamani na kitafsiri chake cha heshima, na nje yake mfumo mpya unapokea masasisho yake bila kugombana nawe. Nilijenga, ikakataa, nikajenga tena. Alasiri moja ikawaka. Niliinuka nikapiga kigelegele, na mwenye duka la jirani akachungulia dirishani kuuliza nani kaolewa.

Sasa, katika programu yako kuna amri uliyoiita "jaribu". Nilikuwa nakuona ukiiandika kila baada ya sasisho, jambo la mwisho kabla ya kufunga, wakati mimi nimeshashika mkoba nawahi magharibi. Siku zote nilidhani inaipigia simu ya ofisi. Mbona nisidhani hivyo? Jaribio ni jaribio. Nikaiandika. Kioo kikasema: imepigwa, imepokelewa. Simu ya ofisi ilikuwa mbele yangu, kimya.

Nikaitazama simu. Nikakitazama kioo. Imepokelewa na nani?

Ndipo nikaufungua ule msimbo niusome. Ungeniambia, Komora. Ungeniambia tu siku moja. Namba ya kujaribia ilikuwa ya mkeo. Na maneno hayakuwa ya mafuriko. Nikayasikiliza: "Mama Rehema, ni mimi. Najaribu tu. Nafunga ofisi, nakuja."

Miaka yote ile mimi nakusifu kwa bidii ya kujaribu mfumo, kumbe ulikuwa unaaga ofisi!

Nilimpigia, hakushika. Nikampigia tena, hakushika. Nilifunga ofisi, nikatafuta bodaboda anipeleke Wema, na njia nzima nilikuwa naomba Mungu nimkute salama. Nilikuwa nimemwona mara moja tu tangu matanga. Nitamwambia nini? Samahani Mama Rehema, nilikuwa nahamisha seva?

Nilimkuta jikoni kwake. Moto unawaka, wali wa nazi umeshaiva, kambare yumo kwenye mchuzi, na sahani mbili ziko juu ya meza. Nyumba ile anakaa peke yake, Rehema ameolewa Malindi. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Alinitazama, akasema taratibu, "Mkono ulikwenda kwenye sufuria kabla kichwa hakijakumbuka." Kisha akakaa chini. Nami nikakaa chini kando yake, nguo yangu ya ofisi ndani ya majivu, tukalia wote wawili, na wali ukaungua kidogo.

Tulipomaliza, akapakua. Sahani yako nilikula mimi. Nilishiba, lakini nilimaliza, sikuthubutu kubakisha.

Baada ya kula ndipo aliposema. Hakufoka, ungemsikia alivyokuwa mtulivu. Alisema watu wa kijiji wanapokusikia wanahama, anashukuru, ni kazi yako. Lakini yeye kila mvua ikinyesha analala na simu chini ya godoro ili asiisikie ikilia. "Mtu akizikwa, azikwe," alisema. "Mtoeni mume wangu kwenye simu."

Ungefanya nini wewe? Mke wako ana haki yake, na Wema yote inasubiri sauti yako, na mawingu yameshaanza kujikusanya. Nilimwambia ukweli, kwamba nikikutoa sina wa kumweka, kwamba sauti ya kompyuta wataikata, na yangu mimi Mkipini watauliza ni nani huyu.

Akafikiri, akafuta mikono kwa kanga. "Mimi wananijua," alisema.

Tulirekodi pale pale uani kwa simu yangu. Karatasi aliikataa. Alisimama akaweka mkono kifuani, akasema, "Habari za hapo. Watoto hawajambo? Ni mimi, mke wa Komora. Maji imepita Wenje, inakuja. Beba watoto, beba mbegu, panda juu." Neno kwa neno, kama ulivyolisema wewe, na jogoo akawika katikati. Nilimwuliza turudie tumtoe jogoo. Akasema jogoo ni wa Wema, mwache, watu watamtambua. Kiswahili chake sikukigusa, usiwe na wasiwasi.

Ile sauti yako ya kumwambia unarudi nyumbani, nilimwuliza kama nimwekee kwenye simu yake, iwe yake, asikilize akitaka. Aliikataa upesi kuliko ile karatasi. "Ukinipa hiyo," alisema, "nitakuwa napika kila jioni." Basi nimeiacha katika mashine ya zamani, pamoja na ile ya kijiji. Mashine nimeichomoa, nimeifunika kitambaa, iko rafu ya juu. Haipigii mtu simu. Haipokei sasisho.

Lilibaki jambo moja, la ile amri ya kujaribu, maana lazima impigie mtu. Nilipomweleza, Mama Rehema aliuliza, "Sasa itampigia nani?" Nikasema itanipigia mimi. Akauliza tena, "Na wewe huko Garsen nani anakungoja?" Nikajifanya natafuta chaja mkobani. Unanijua. Akachukua simu yangu mkononi mwangu, akairekodia jambo yeye mwenyewe, akanirudishia.

Masika yalikuja, kaka, yalikuja kwa fujo. Kipimo cha Wenje kilipanda asubuhi, na mashine mpya ikaanza kupiga. Nilikaa kwenye kiti chako nikitazama kioo: imepokelewa, imepokelewa, imepokelewa. Hakuna aliyekata. Yule mzee wa kofia akanipigia ofisini kwa hasira, "Kwani siku hizi Komora anamtuma mke?" Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Tumehama lakini. Mwambie Mama Rehema tumehama." Mpunga ulikwenda na maji, wa wote, pamoja na wako. Watu hawakwenda. Mbegu zilikaa kavu juu ya mchanga kule mlimani walikokimbilia, na maji yaliporudi mtoni waliteremka nazo.

Nilitaka uje ulisikie hilo. Ofisi nzima hakukuwa na wa kugonga naye mkono kwa furaha. Niliugonga ukuta.

Sasa nakuaga, maana jua linazama na msikiti umeshaanza. Lala, Komora. Mungu wako na wangu akulaze mahali pakavu, pa juu, pasipofikiwa na maji. Nakuahidi kila sasisho litakalokuja nitaliweka siku hiyohiyo, sitaliacha lilale. Nakuahidi salamu haitapunguzwa hata na mfadhili mwenye suti. Mama Rehema nitakwenda kumwona kila mwezi, nitampelekea nguru wa Kipini, ingawa anasema samaki wa chumvi ni wa kuwapa paka.

Na baada ya kila sasisho nitaijaribu, kama wewe. Natia ile amri, simu yangu inalia hapa mezani, nainua. Mama Rehema anasema, "Mwanaisha, ni mimi. Umejaribu, imetosha. Funga ofisi, nenda ukale." Basi nafunga, naenda nakula.

Nakuahidi pia kwamba sitaijaribu ila pakiwa na sasisho, maana simu ni gharama na wewe hukupenda ubadhirifu. Hilo nitalianza kesho, kaka. Leo hapakuwa na sasisho lolote, nami nimejaribu mara tatu.

Wako,
Mwanaisha, Bi Kipini wako