Bado Tupo

Shoga, nimejiua kwa mdomo wangu mwenyewe!

Si leo nilikuwa nahojiwa mtandaoni na jopo la serikali la fedha za utafiti? Mimi naeleza utafiti wangu wa kuvu inayong'aa gizani, mwenyekiti wao, nimembatiza Upara, wimbo wake mmoja tu: "Utagundua nini?"

Tulipoagana nikazima kamera, nikamgeukia mama: "Huyu Upara anataka nijue nitakachogundua kabla sijagundua! Si akamtafute mpiga ramli?"

Kumbe kipaza sauti kiko wazi.

"Daktari, bado tupo," Upara akasema.

BADO TUPO! Natamani ardhi inimeze, mama naye anadakia bila haya: "Basi mpeni mwanangu hizo hela!"

Halafu Upara: "Mpiga ramli tulimhoji jana, mama. Alijua kila kitu, ndiyo maana tukamnyima."